Gari Ikifika, Musitoke

Goma, tarehe 4 Machi

Mama Naomie,

Barua hii inabebwa na Mama Godelieve wa Muheto, yule anayeuza jibini huku Goma halafu anateremka Kashebere kutafuta mawese. Anasema kwenye bariere za njiani hawamupekui sana, harufu ya jibini inawafukuza. Tangu waliangusha antena yetu napiga simu yako kila asubuhi, najua haitaita, lakini mukono umezoea.

Wewe njo uliniambia nisirudi bila gari, na mimi nimetii kupita kiasi. Papa Jérémie aliyetuuzia alituapia mbele ya padri kwamba itafika kabla ya Noeli. Sasa nakuelezea sababu, ili watu wakikuuliza dukani usionekane unadanganya.

Kumbe gari mupya si kama sufuria iliyo tayari kwenye rafu. Unaagiza, halafu unangoja zamu yako kiwandani, na kama kidude kimoja cha umeme kinakosekana, magari mengi yanasimama yakikingoja. Yetu ilisimama. Ilipotoka, meli ikakuta njia fupi ya bahari iko na vita, ikazunguka Afrika yote kwa kusini. Mombasa ikakuta zingine zimeitangulia, ikangoja kwenye maji. Ikapandishwa juu ya kamio, lori refu, ikavuka Uganda, ikafika mupakani. Na hapo njo imelala: namba ya gari kwenye karatasi moja iko na herufi B, kwenye karatasi nyingine B hiyo imekuwa 8. Muntu wa duane, wale wa ushuru, akaniambia, "Papa, hizi ni gari mbili." Nikamuambia, "Basi nipe moja, ile ingine ubaki nayo." Hakucheka.

Nasikia maneno mabaya ya upande wenu. Lakini musiondoke kwa miguu. Mama yangu hawezi kutembea hata mpaka kanisani, na Mamy bado ni wa mugongoni. Nikifika na gari tutapakia kila kitu, tuteremke Walikale, Lubutu, Kisangani, tuzunguke kama ile meli mpaka Butembo kwa ndugu zetu. Ningojeni.

Bwana yako,
Muhindo Archange


Kashebere, tarehe 13 Machi

Papa Naomie,

Barua yako ilinuka jibini mpaka Mamy akailamba. Ile sehemu ya B na 8 niliisoma kwa sauti dukani. Papa Viateur alicheka, halafu akasema yeye akitega mutego, mnyama akiingia haulizwi jina.

Watu wanaulizia gari kama wanavyoulizia mvua. Mama Nicole anataka ndizi zake zifike soko, kwa sababu zinaivia nyumbani, anakula yeye na mbuzi. Katekista ameitaja kwenye maombi ya Jumapili. Nilisikia haya kidogo, lakini nikasema amina.

Hapa kuko kimya. Jamaa wachache wameondoka, wale wenye nguvu ya miguu. Papa Viateur anatualika tuende naye kwenye mashamba yake ndani ya pori, mahali anapowindia. Nilimuambia bwana yangu alisema tungoje, na mama mukwe hawezi kutembea. Akasema sawa, lakini mulango wa pori haufungwi.

Naomie amekuwa askari wa gari yako. Pikipiki zote, zile moto zetu, anazijua kwa mulio, hazimushugulishi. Anasema gari itakuwa na sauti nzito. Amewafundisha watoto wa mutaa: wakisikia sauti hiyo, wote wakimbilie barabarani wapige makofi mpaka ufike kwenye mulango wetu. Wanafanya mazoezi kila jioni. Wananichosha, lakini siwakatazi.

Kula vizuri. Usigombane na muntu wa duane.

Bibi yako,
Kasoki Euphrasie


Karuba, tarehe 1 Aprili

Mama Naomie,

Gari iko.

Nilikabidhiwa juzi, walipokubali kwamba B ni B. Ni nyeupe kabisa, mazuti ya dizeli inanusa kidogo tu, na ndani kuna harufu kama ya viatu vipya vya Pasaka. Nailoni bado iko kwenye viti. Sikuitoa. Nataka wewe njo uitoe, ukae kwanza, halafu watoto.

Nilitoka Goma asubuhi nikiimba peke yangu. Sake nilipita, bariere nilipita, kila mahali wanazunguka gari wanaigusa. Lakini hapa Karuba walinisimamisha watu wa kijiji wenyewe, wakaniambia mbele hakupitiki kwanza, kuna masasi yanapigwa barabarani. Kuna mufugaji anaitwa Nizeyimana. Amenipokea. Tumeificha gari nyuma ya zizi la ngombe zake, tukaifunika mabua ya mahindi. Ni muntu wa maneno machache. Aliniuliza tu, "Umeileta huku kwa nini?" Nikamuambia kwetu ni huku. Akatingisha kichwa, akaenda kukamua.

Ni jambo la siku chache. Fungeni mizigo. Mama umutafutie blanketi ya kukalia, barabara itamurusha. Nakuja.

Muhindo


Kashebere, tarehe 8 Aprili

Papa Naomie,

Mizigo iko tayari. Nimeifungua mara mbili kutafuta sufuria na mashuka, nikaifunga tena. Mama yako anakaa kwenye mulango tangu asubuhi na kitenge chake cha harusi ya ndugu yako. Nikimuambia abadilishe anasema hatapanda gari mupya kama muntu anayetoka shambani. Naomie alipotea saa nzima jana, nikamukuta kwenye kona ya barabara pale juu. "Ninasikiliza," akaniambia.

Mvua imekuwa nyingi upande wa Masisi. Tunasikia radi muchana kutwa. Misa ya Jumapili ilikuwa na watu wachache, nafikiri ni kwa sababu ya matope. Soko halikujaa.

Papa Viateur amewahamisha bibi na watoto wake. Yeye anarudi mara kwa mara kutuangalia. Aliniambia, "Mama Naomie, gari haina mabawa. Twende, mama mukwe nitamubeba mimi mwenyewe." Nilimukatalia kwa heshima. Nilimuambia uko Karuba, si mbali, na ukifika ukakuta nyumba tupu utapasuka moyo.

Viti sitavikalia mimi kwanza. Atakaa mama yako. Nailoni nitaitoa mimi.

Kasoki


Karuba, tarehe 16 Aprili

Mama Naomie,

Gari imepata tatizo dogo kwenye pompe ya mazuti. Fundi anangoja kipande kutoka Goma. Njo sababu nimechelewa.

Usiwaambie watu gari iko ya rangi gani. Na Naomie asikae tena kwenye kona, kuna baridi.

Kama Papa Viateur bado anawaalika, mungeweza kwenda kumutembelea kidogo. Si kwamba kuna shida. Sitaki uogope. Ni kubadilisha hewa tu. Ao mukae, kama munaona ni vizuri kukaa. Nitakuja fundi akimaliza.

Mama Godelieve ana haraka.

Muhindo


Kashebere, tarehe 23 Aprili

Bwana Muhindo,

Nimesoma barua yako fupi. Nilitaka kuiamini, na niliiamini mpaka Jumamosi.

Jumamosi alipita hapa muntu wa moto kutoka Mushaki. Hakujua mimi ni nani. Alikuwa ananunua sigara, anawasimulia wengine kuhusu gari nyeupe, mupya, nzuri sana, aliyoiona inapanda Mushaki na mizigo imejaa nyuma. Shofere ana ndevu na kofia ya bluu. Kofia hiyo nilikununulia mimi. Na kwenye kiti cha mbele amekaa mwanamuke amevaa vizuri, mukono wake uko juu ya bega la shofere. Watu wakacheka. Mimi nikamupa sigara zake na salio lake, nikaingia ndani.

Kwa hiyo pompe iko nzima. Kwa hiyo kipande cha kutoka Goma kina nywele zilizosukwa.

Sisi huku, Muhindo, tumelala na viatu. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uendeshe kwa haraka kwenye matope. Ile si radi. Nimekudanganya, na nilidanganya kwa ajili yako. Wewe umenidanganya kwa ajili ya nani?

Unaniambia niende kubadilisha hewa porini. Ili ukifika nisiwepo? Siendi. Nimemuambia Papa Viateur asiniulize tena. Nitakaa hapa hapa, kwenye mulango wa duka letu, mpaka usimamishe gari mbele yangu, umuteremushe huyo mwanamuke, unielezee mbele ya mama yako na watoto wako.

Kasoki Euphrasie


Karuba, tarehe 29 Aprili

Euphrasie,

Leo nakuita jina lako ujue siandiki kwa muchezo. Soma hii peke yako kwanza, ukiwa umekaa.

Mwanamuke ni kweli. Ni bibi wa mukubwa wa wenye silaha wa hapa, wanamuita Komanda. Alikuwa na uchungu wa uzazi, alinishika bega kwa maumivu barabara yote. Alizaa muzima. Ni yeye wa kwanza kukaa kwenye kiti chako. Nailoni waliitoa wao.

Pompe ni uongo wangu. Gari haijawahi kuwa na tatizo. Mama Godelieve alipoondoka na barua yangu ya kwanza kutoka hapa, watu wa Komanda walifika kwa Nizeyimana. Kuna muntu aliwaambia. Wakaondoa mabua kama muntu anayefunua sufuria. Nizeyimana akawaambia gari ni yake. Hajui hata mulango unafunguliwa wapi. Wakamuambia, "Basi iwashe." Alipanda, akashika usukani kama anashika pembe za ngombe, akatulia. Mimi nikatoka nyuma ya zizi. Sikuweza kuwaacha wamuue kwa ajili ya gari yangu.

Tangu siku hiyo mimi njo shofere wao. Nabeba mahindi yao, wagonjwa wao, na vitu vingine sitaki kuviandika. Kadi yangu ya uraia wameichukua. Nikilala, mmoja analala kwenye kiti cha pembeni, bunduki kwenye magoti. Barua hii naandika ndani ya zizi, Nizeyimana amesimama nje anajifanya anatafuta ndama.

Sasa sikiliza. Juzi Komanda aliniuliza, "Unajua barabara ya Kashebere?" Nikamujibu najua mpaka Masisi tu. Akatoa barua kwenye mufuko wake. Ilikuwa ya kwako, ile ya kwanza. Nilikuwa nimeishona ndani ya koti, wakaipata. Akaisoma polepole mbele ya wenzake, mpaka pale watoto wanapokimbilia barabarani kupiga makofi. Akaikunja vizuri. Akasema, "Vizuri. Wanaijua. Wataikimbilia wenyewe. Gari hii itatangulia."

Mama Naomie, gari inakuja. Ile tuliyoiombea. Ukisikia mulio wake, usitoke. Naomie akisikia, mufunge mudomo na mukono wako umuvute upande wa pori. Lakini afadhali musisikie kabisa. Ondokeni siku hii hii na Papa Viateur. Mama abebwe, hata akilia. Waambie na watu wote waliobaki. Waambie wazi kwamba kwenye usukani nitakuwa mimi, usinifichie haya.

Mimi nitajaribu kuichelewesha. Gari imenichelewesha miezi mingi, najua sasa inavyofanya.

Nilikudanganya kwa sababu nakujua. Ungejua wamenishika, ungefunga Mamy mugongoni ungekuja. Sikuona kwamba uongo wangu unakufunga pale pale ninapotaka uondoke. Unisamehe ukiwa njiani, usikae kunisamehe.

Archange


Porini, tarehe 6 Mei

Papa Naomie,

Mahali tulipo siandiki.

Mama Godelieve hakunipa barua dukani. Alinivuta nyuma, akaniambia, "Bwana yako amesema ukae kwanza." Nilikaa juu ya mufuko wa chumvi. Nilipomaliza kusoma niliifunga ndani ya kitenge, nikasimama.

Niligonga kengele ya kanisa mimi mwenyewe. Walikuja waliobaki, si wengi. Niliwaambia kila kitu, na wewe kwenye usukani. Mama Nicole akasema, "Kumbe gari tuliyoiombea kila Jumapili." Mwingine akasema ni hila, ninataka wakimbie ili niuze chumvi kwa bei ya hofu. Muzee mmoja akatema mate karibu na miguu yangu, akasema bwana yako amepata kazi nzuri. Nilifungua milango miwili ya duka, nikawaambia, "Chukueni. Chumvi, sabuni, viberiti, kila kitu. Mimi naondoka sasa hivi na sirudi kufunga." Walipoona nimewapa funguo za rafu, njo waliamini. Hakuna aliyepigana. Mama Nicole aligawa chumvi kwa kikombe.

Papa Viateur alimubeba mama yako kwenye kiti cha miti mugongoni. Alilalamika barabara yote, eti Butembo muntu habebwi kama muhogo. Naomie nilimuambia gari haitakuja. Hakulia. Aliniuliza tu kama alisikiliza vibaya.

Pale njia inapoingia ndani kabisa, mama ya Papa Viateur alifunga majani kwenye miti miwili, akasema maneno na wakubwa wao waliokufa, kuwaomba watupitishe. Katekista aliangalia pembeni. Mimi niliinamisha kichwa nikapita, na nikamutaja Bikira Maria kimoyomoyo, nikaona hawagombani.

Sasa yangu. Yule muntu wa moto alisema alichoona. Mimi njo nilijazia mengine. Nilikuandikia maneno ambayo sipendi kuyakumbuka, na wewe ulikuwa na bunduki pembeni. Nikifikiria hayo usiku nauma shuka.

Kwa hiyo nisikie. Usiicheleweshe tena. Usicheze na watu hao. Wakikuambia uwapeleke, wapeleke. Hakuna muntu tena Kashebere, hata kuku. Gari ni chuma, wewe una mifupa.

Mama Godelieve anasema njia inafungwa, hajui kama atakufikia. Namuomba ajaribu.

Kasoki wako


Kashebere, nyumbani kwetu, tarehe 21 Mei

Mama Naomie,

Sikupata jibu lako. Mama Godelieve sijamuona tena. Mwandiko huu ni mubaya kwa sababu vidole vya mukono wa kuume havikunjiki.

Niliichelewesha. Kwanza nililegeza waya wa batiri, wakakaa siku nzima wanasukuma. Halafu nikatia maji kwenye mazuti. Wakaleta fundi kutoka Sake. Aliangalia, akaniangalia mimi, akasema ni mazuti chafu ya barabarani. Alijua. Mara ya pili hakuweza kusema hivyo tena, naye ana watoto. Waliniwekea mukono juu ya boneti ya gari, wakatumia kitako cha bunduki. Komanda aliwaambia wasiguse miguu, ni ya kukanyagia gari.

Tuliondoka asubuhi ya mvua. Sikujua kama muko ao hamuko. Barabara yote nilikuwa naangalia matope kama kuna nyayo ndogo. Watu wake walikaa nyuma wamejifunika turubai, ili watu waone gari tu na mimi. Tulipofika pale juu kwenye kona, nikaona paa la kanisa. Nikaweka kiwiko juu ya honi nikakilalia. Aliyekuwa pembeni alinipiga shingoni, sikukitoa. Tuliteremka Kashebere nzima gari inalia.

Hakuna muntu aliyetoka. Hakuna mutoto. Milango iko wazi, majivu yamelowa. Nilisimamisha gari mbele ya duka letu kama tulivyosema. Niliingia. Rafu tupu, mashuka hayako, blanketi ya mama haiko. Nilianza kucheka. Komanda akaniuliza ninacheka nini. Nikamuambia vidole vinaniuma.

Wamekaa hapa. Mazuti imekwisha na nyingine haipandi, kwa hiyo gari imesimama pale pale, wanaanika nguo juu yake. Shofere hana kazi tena. Wananiacha nitembee, lakini nikienda mutoni, wawili wanakuja nyuma wanajifanya wanaoga. Nimeelewa. Wanangoja niwaonyeshe mahali muliko. Kwa hiyo siendi popote. Nalala kwenye kitanda chetu, nasikia wao wanacheza karata dukani, na pori lote liko mbele yangu, siwezi kuweka muguu.

Leo nyuma ya nyumba ya Papa Viateur nimeona unyayo mupya wa muntu aliyetembea kwa vidole. Naiacha barua hii chini ya mawe ya jiko lake. Papa Viateur, kama ni wewe, chukua, na usirudi tena.

Euphrasie, muko wazima. Hiyo inanitosha kwa sasa. Usije.

Archange


Porini, tarehe 9 Juni

Dada Godelieve,

Barua hii inakufikia kwa mukono wa dada ya Papa Viateur, anayetoka kutafuta mbegu. Ile barua yangu ya tarehe sita uliyorudishwa nayo kwenye bariere, ichome. Haina kazi tena. Ninakuandikia kwa sababu uliposhindwa kupita ulilia, nimeambiwa, na si haki ubaki bila kujua ilivyokuwa.

Papa Viateur aliniletea barua ya bwana yangu kutoka chini ya jiko lake. Niliisoma, nikafunga kitenge kiunoni. Akaniuliza naenda wapi. Nikamuambia anajua. Akasema, "Wewe utavunja kila kijiti njiani. Kaa na watoto." Tulibishana. Nilimuambia Archange ameandika usirudi. Akasema, "Mimi sikusomea shule, barua hiyo ninyi njo munasema imeandikwa hivyo."

Aliondoka. Alingoja mvua kubwa ya muchana, ile inayopiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Wenye silaha wote walikuwa wamejikinga kanisani na dukani. Alipita kwenye ndizi za Mama Nicole, akafika kwenye dirisha la chumba chetu, akamukuta bwana yangu amekaa kitandani anaangalia ukuta. Archange alikataa. "Watanifuata," alisema, "nitawaleta mpaka kwa watoto wangu." Papa Viateur akamujibu, "Nimewinda nyama zinazonusa upepo. Hawa hawajui hata kuangalia chini. Toka."

Walitembea ndani ya muto kwa kwenda juu, si kwa njia yetu. Walikaa kwenye kambi ingine ya kuwindia mpaka Papa Viateur aliporidhika kwamba hakuna aliye nyuma yao. Huku mimi sikujua chochote. Nilipika, nikaosha watoto, nikamujibu mama mukwe kila alipouliza kwamba wanakuja, kwa sauti ambayo hata mimi sikuiamini.

Walifika Jumatano. Nilikuwa napepeta mahindi. Sikukimbia, dada. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi, nikabaki nashika ungo. Amekonda, ndevu zimefika kifuani. Naomie alijificha nyuma yangu. Mama mukwe njo alimuita wa kwanza, akachukua mukono wake wa kuume, akahesabu vidole kimoja kimoja kama siku alipomuzaa. Viko vyote, lakini viwili vimepona vimepinda.

Usifikiri kila muntu alifurahi. Yule muzee aliyenitemea mate alikuja, akakaa karibu naye, akamupa tumbako. Lakini Mama Nicole hataki apite karibu na moto wake. Nyumba yake wameivunja kuwa kuni, ndizi zake wamezimaliza, na aliyewafikisha ni bwana yangu. Nilitaka kwenda kumuelezea upya. Archange akanishika kitenge. "Muache," akasema. "Niliendesha mimi." Kila asubuhi anamukatia Mama Nicole kuni, anaziweka mbali kidogo na kibanda chake cha huku. Jioni zinakuwa hazipo, lakini hasemi asante.

Ndani yake bado hajatoka kule. Tukitwanga, akisikia muchi unapiga kwa nguvu anasimama. Hapendi kukaa na mugongo upande wa njia. Mimi sasa simuulizi. Nakaa nyuma yake, mugongo wangu kwenye wake, ninachambua majani ya sombe, na hapo anapumua vizuri.

Tutakaa hapa mpaka lini, sijui. Kurudi hatuwezi, wangali pale. Kwenda Walikale ni mbali kwa mama na kwa Mamy, na wengine wanasema hata huko hakuna usalama. Chumvi ya duka imekaribia kwisha. Kama wewe mwenyewe umesikia njia yoyote iliyofunguka, tuambie kwa huyu dada.

Jana Naomie alikwenda kwa baba yake kwa mara ya kwanza bila kutumwa. Alisimama pembeni, akamuangalia anavyochonga mupini wa jembe kwa mukono wa kushoto. Halafu akamuuliza, "Papa, gari yetu iko wapi?"

"Iko nyumbani," akamujibu.

Naomie akafikiri.

"Na sisi tutafika lini?"

Niliacha kuchambua nisikie. Archange aliweka jembe chini, akamuvuta akakaa kwenye goti lake. Hakumupa siku. Akamuambia amushikie mupini vizuri, usiteleze.

Dada yako,
Kasoki Euphrasie